Hewa ya Kupulizia Rangi

Katika masomo yaliyopita tulijifunza kwamba hewa huchukua nafasi, na kwamba inaweza kushindiliwa ndani ya chombo. Hewa iliyoshindiliwa husukuma chombo chake kila upande. Msukumo huo ndio mgandamizo wa hewa. Katika somo hili tutaona jinsi mgandamizo huo unavyotumika katika kupaka rangi, na jinsi ya kuchagua chombo cha kutolea hewa.

Mfano mdogo wa ndege

Wako mafundi wanaotengeneza mifano midogo ya ndege na meli kwa kufuata vipimo vya vitu halisi. Fikiria ndege ya DC-3, ambayo zamani ilitumiwa na Shirika la Ndege la Afrika Mashariki. Kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya bawa la pili ni karibu mita 29. Mfano wake uliotengenezwa kwa kipimo cha 1 kwa 72 una upana wa sentimita 40 tu.

Fundi akiupaka mfano huo rangi yenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, ni kama kuipaka ndege halisi rangi yenye unene wa milimita 7! Mistari midogo ya mabawa na madirisha itazibwa. Kwa hiyo rangi ya mfano hupasa kuwa nyembamba sana. Fundi huipulizia kwa brashi ya hewa. Hiki ni chombo kidogo kinachoshikwa kama kalamu. Hewa hupita kwa kasi katika ncha yake, huvuta rangi kutoka katika kikombe, na kuivunja kuwa matone madogo sana.

Jaribio: Kutengeneza kipulizio

Vifaa: bilauri, maji, mirija miwili safi ya kunywea soda, na karatasi kavu.

1. Jaza maji katika bilauri hadi karibu na ukingo.
2. Simamisha mrija mmoja ndani ya maji. Ukate ili ncha yake ya juu ipite maji kwa sentimita 2 hivi.
3. Weka mdomo wa mrija wa pili karibu na ncha hiyo, ukiwa umelala. Mwenzako ashike karatasi mbele yake.
4. Puliza polepole, kisha puliza kwa nguvu. Mwisho, puliza kwa kukatakata.

Uliona nini? Ulipopuliza polepole, maji hayakutoka. Ulipopuliza kwa nguvu, mgandamizo ulipungua juu ya mrija uliosimama. Hewa iliyo juu ya maji ya bilauri ikayasukuma maji kupanda, nayo yakarushwa kama manyunyu. Ulipopuliza kwa kukatakata, karatasi ilipata madoa makubwa na madogo.

Jaribio hili linatufundisha jambo kubwa: kipulizio kizuri huhitaji hewa yenye nguvu ya kutosha, isiyobadilikabadilika. Mgandamizo hupimwa kwa geji, na kipimo kimoja huitwa baa. Brashi nyingi za hewa hutumia kati ya baa 1 na baa 2. Mapafu yetu hayawezi kufikia hata nusu ya baa moja.

Vyombo vya kutolea hewa

*Kopo la gesi.* Ni jepesi na halina kelele. Ndani yake mna kimiminiko kinachogeuka kuwa gesi. Kinapogeuka huchukua joto, kama spiriti inavyopoza mkono. Kopo likipoa, mgandamizo hushuka na rangi huanza kutoka kwa madoa. Kopo likiisha, sharti kununua jingine.

*Tairi la akiba.* Tairi la gari lililojazwa upepo linaweza kuendesha brashi ya hewa bila umeme na bila kelele. Gharama yake ni ndogo. Lakini kila fundi anapopulizia, upepo hupungua. Hivyo hana budi kutazama geji na kulijaza tena. Tairi lisijazwe kupita kipimo kilichoandikwa juu yake.

*Kompresa.* Hii ni pampu inayoendeshwa kwa mota. Kompresa isiyo na tangi hutoa hewa kwa mapigo, kama wewe ulivyopuliza kwa kukatakata. Yenye tangi huweka akiba kwanza, na hewa hutoka sawasawa. Kwa mtu anayefanya kazi nyingi, hii ndiyo inayofaa zaidi, ingawa bei yake ni kubwa.

*Mtungi wa kabonidioksaidi.* Gesi yake ni kavu na haina kelele. Hata hivyo, katika joto la nyuzi 20 za Sentigredi, mgandamizo ndani ya mtungi huzidi baa 50. Lazima pawe na koki maalumu ya kupunguza mgandamizo huo. Tena, gesi hii ikijaa chumbani humnyima mtu hewa ya kuvuta.

Maji ndani ya hewa

Hewa ina mvuke wa maji. Ikishindiliwa hupata joto, na ikipoa mvuke hugeuka kuwa maji. Katika miji ya pwani kama Tanga, ambako hewa ina unyevu mwingi, maji hayo huwa mengi. Tone moja likifika kwenye ncha ya brashi, kazi ya siku nyingi huharibika. Kwa hiyo fundi hufunga kichujio cha maji kwenye mpira wa hewa, na humwaga maji yaliyokusanyika katika tangi.

Jihadhari

- Usitumie kamwe mtungi wa oksijeni. Oksijeni huzidisha moto, na rangi nyingi hushika moto upesi.
- Usiweke kopo la gesi juani wala karibu na moto. Laweza kupasuka.
- Usimwelekezee mtu hewa iliyoshindiliwa. Yaweza kuumiza macho na masikio.
- Kazi ya kupulizia rangi ifanyike mahali penye hewa ya kutosha, na fundi avae barakoa inayofaa.

Maswali

1. Kwa nini kopo la gesi hupoa linapotumika?
2. Kompresa yenye tangi inaizidi isiyo na tangi kwa jambo gani?
3. Meli ina urefu wa mita 36. Mfano wake wa 1 kwa 72 utakuwa na urefu wa sentimita ngapi?
4. Fundi mmoja wa Tanga hana umeme, na fedha zake ni chache. Utamshauri achague chombo gani? Eleza mambo mawili ambayo atapaswa kuyaangalia.