ELIMU KWA UMMA: KUCHAGUA NA KUFUNGA SHOKAPU MPYA YA USUKANI



Katika kata zilizo mbali na barabara ya lami, gari linalompeleka mgonjwa hospitalini na mazao sokoni mara nyingi ni lile lile: Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iwe pikapu au ile ya bodi ndefu ambayo wengi huiita mkonga. Mfululizo huo ulianza kuuzwa mwaka 1984, na mpaka leo unapendwa kwa sababu ekseli yake ya mbele ni boriti moja nzima ya chuma inayostahimili makorongo na mawe. Ekseli hiyo hiyo, hata hivyo, ina tabia ambayo kila mmiliki, dereva na abiria anapaswa kuifahamu. Sehemu zake zikilegea, usukani unaweza kuanza kutikisika ghafla kwa nguvu inayomshinda dereva.

Wengi wakipatwa na hali hiyo hukimbilia dukani kununua shokapu ya usukani. Somo hili linaeleza kazi ya kifaa hicho, namna ya kukichagua na namna ya kukifunga. Jambo kubwa la kushika ni kwamba shokapu ya usukani hupunguza mtikisiko, lakini haiponyi kilichousababisha. Anayeibadilisha bila kutafuta chanzo anatumia fedha kuficha ugonjwa, na wahenga walikwisha kutuonya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

SHOKAPU YA USUKANI NI NINI

Ni silinda ya chuma iliyolala chini ya gari upande wa mbele. Ncha moja hushikwa na chesesi au na ekseli, kutegemea toleo la gari, na ncha nyingine hushikwa na fimbo inayosukuma magurudumu kukata kona. Ndani yake mna pistoni inayopita katika oili kupitia matundu madogo. Dereva akizungusha usukani polepole, oili hupita bila shida na shokapu haipingi. Gurudumu likigonga jiwe, fimbo husukumwa kwa kasi, oili hushindwa kupita kwa haraka hiyo, na pigo hupungua kabla ya kufika mikononi mwa dereva.

Kwa kuwa magurudumu mawili ya mbele yameunganishwa kwa tairodi, pigo la upande mmoja huhamia upande wa pili. Kwenye barabara ya changarawe yenye mikunjo kama ya bati, mapigo hayo hufuatana mfululizo. Viungo vikiwa vimekaza, hufa yenyewe. Vikiwa vimelegea, kila pigo huongeza jingine mpaka gari zima linatetemeka.

KWANZA TAFUTA CHANZO

Gari zima lisilo na kasoro halipaswi kupiga usukani hata kama shokapu yake imechoka. Kabla ya kutoa fedha, mwombe fundi akague mambo haya mbele yako:

1. Matairi. Upepo uwe sawa pande zote mbili, matairi yasiwe yameliwa upande mmoja wala kuvimba, na magurudumu yawe yamebalansiwa. Tope lililoganda ndani ya ringi nalo huleta mtikisiko.

2. Viungo vya tairodi. Gari likiwa limesimama chini kwa magurudumu yake, mtu mmoja ayumbishe usukani kidogo kushoto na kulia, mwingine atazame kila kiungo. Kiungo kinachocheza kabla ya fimbo kusogea kimekwisha.

3. Beringi za gurudumu na za kingpini. Gurudumu likiwa limenyanyuliwa na gari kukalia stendi, lishike juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza, mtu wa pili akanyage breki. Mchezo ukiisha, kasoro iko kwenye beringi ya gurudumu; ukibaki, ichunguzwe ile ya kingpini.

4. Springi na bushi zake. Matoleo marefu ya kuanzia 1999 yana koili mbele pamoja na fimbo ya kukingama inayozuia ekseli isihame kushoto na kulia. Bushi za fimbo hiyo zikilika, mtikisiko ni wa kawaida kabisa. Matoleo ya zamani yenye springi za bapa yakaguliwe bushi na yubolti.

5. Boksi ya stelingi. Bolti zinazoishikilia kwenye chesesi zisiwe zimelegea, na chesesi yenyewe isiwe na ufa mahali hapo.

6. Mabadiliko ya gari. Gari lililoinuliwa kwa springi ndefu hubadilika mwegemeo wa kingpini, na usukani wake hutangatanga. Dawa yake ni kurekebisha mwegemeo huo.

Kasoro yoyote kati ya hizi itengenezwe kwanza. Baada ya hapo ndipo shokapu yenyewe ichunguzwe.

DALILI ZA SHOKAPU ILIYOKWISHA

Unyevu kidogo wa oili uliochanganyika na vumbi si lazima uwe ubovu. Oili inayochuruzika, silinda iliyobonyea, fimbo iliyopinda au bushi zilizopasuka ni dalili za kuibadilisha. Kipimo cha uhakika ni kuifungua na kuisukuma kwa mikono, ndani na nje, mwendo wake wote. Nzima hupinga kwa nguvu ile ile toka mwanzo hadi mwisho. Iliyokwisha huwa na mahali inapopita bure, kisha inakaza tena.

KUCHAGUA INAYOFAA

Usinunue kwa kukisia kwamba shokapu zote za Land Cruiser ni moja. Toleo la 75 na la 79 hayafanani, na hata magari ya jina moja hutofautiana kwa mwaka. Chukua namba ya chesesi na umpe muuzaji, au nenda dukani na shokapu ya zamani mkononi. Kisha zingatia haya:

Urefu. Pima umbali kati ya sehemu mbili za kufungia, usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho wa kushoto, kisha mpaka mwisho wa kulia. Tuseme umepata sentimeta 35 na sentimeta 57. Shokapu mpya ikifungwa kabisa lazima iwe fupi kuliko 35, na ikivutwa kabisa iwe ndefu kuliko 57. Ikiwa fupi mno au ndefu mno, itazuia gari kukata kona, au itavunjika gari likiwa njiani.

Ncha. Angalia kama ni jicho lenye bushi au pini yenye nyuzi, na unene wa bolti. Fundi akikuambia atatoboa au atachomelea ili ienee, fahamu kuwa umeuziwa isiyo yako.

Aina. Shokapu ya oili yenye upinzani ulio sawa pande zote mbili inatosha kwa gari lenye matairi ya asili. Zenye gesi ya shinikizo huwa na tabia ya kusukuma fimbo yake nje, na baadhi huvuta usukani upande mmoja. Zenye springi ya kurudisha usukani katikati hazifai kutumiwa kufunika kasoro ya alaimenti.

Uhalisi. Bidhaa bandia hukaa vizuri kwenye boksi lakini hazikai barabarani. Tazama ubora wa chapa, namba ya kifaa na mshono wa silinda. Dai risiti. Ukiuziwa bandia, Tume ya Ushindani ndiyo yenye jukumu la kupambana na bidhaa za aina hiyo nchini.

HATUA ZA KUFUNGA

1. Egesha gari mahali tambarare na pagumu, magurudumu yakiwa yamenyooka. Vuta breki ya mkono na uweke vizuizi nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma. Ikilazimu kulinyanyua, likalie stendi. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake au na matofali.

2. Safisha ncha zote mbili kwa brashi ya waya, nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu na uyape muda. Piga picha kwa simu ili ukumbuke mpangilio wa washa na bushi.

3. Toa kotapini, kisha nati. Pini iliyonasa itolewe kwa pula, au kwa kugonga ubavu wa jicho linaloishika. Usigonge nyuzi. Kamwe usiichome silinda kwa moto wa gesi, kwani ina oili iliyofungiwa na inaweza kupasuka.

4. Shokapu ya zamani ikiwa imetoka, zungusha usukani toka mwisho hadi mwisho. Ukihisi mahali panapokwama, kuna kasoro nyingine ambayo haijapatikana bado.

5. Shokapu mpya iliyolala ghalani huweza kuwa na hewa ndani ya oili. Isukume na kuivuta mara kadhaa ikiwa katika mlalo itakaofungwa nao, mpaka upinzani uwe sawa mwendo wote.

6. Ifunge upande usiosogea kwanza, kisha upande wa fimbo, kwa washa na bushi zilizopangwa kama zilivyokuwa. Kaza kwa mkono tu.

7. Mtu mmoja azungushe usukani polepole mpaka mwisho wa pande zote, mwingine akitazama akiwa mbali na fimbo, mikono yake ikiwa nje. Bolti za kikomo kwenye ekseli ndizo zinazopaswa kugota kwanza. Shokapu isiwe ndiyo inayozuia, wala isiguse springi, bomba la breki au tairi.

8. Magurudumu yakiwa chini na yamenyooka, kaza nati kwa kipimo kilichotolewa na mtengenezaji, kwa kutumia spana ya kupimia. Weka kotapini mpya. Ya zamani isirudishwe.

9. Jaribu gari kwa mwendo mdogo, bila abiria. Baada ya kona, usukani urudi wenyewe. Ukibaki ulipo, au ukivuta upande mmoja, rudi kwa fundi. Baada ya kilometa 100 hivi, kagua nati tena.

MTIKISIKO UKITOKEA NJIANI

Dereva ashike usukani kwa mikono miwili, aondoe mguu kwenye mafuta, apunguze mwendo taratibu na kuegesha. Asikanyage breki ghafla, kwani ekseli huelemewa na gari linaweza kuacha njia. Akishasimama, akague nati za magurudumu na viungo vya tairodi kabla ya kuendelea, na kama kiungo kimeachia, asiendelee.

WAJIBU WETU

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inakataza kuendesha barabarani gari lenye kasoro inayohatarisha watu. Wajibu huo haumwangukii dereva peke yake. Mmiliki anayemwagiza dereva kuendelea na safari, huku akijua usukani unatikisika, anahusika pia. Abiria naye ana haki ya kuuliza, na ya kuteremka.

Kwa hiyo, fundi akikuambia kwamba gari lako linahitaji shokapu ya usukani, muulize maswali matatu: viungo vipi vimekaguliwa, vimekutwa na hali gani, na shokapu mpya ina urefu gani ikifungwa na ikivutwa. Mwenye majibu hayo amelichunguza gari. Asiye nayo bado hajalala chini yake, na gari lisikabidhiwe mgonjwa wala mtoto wa shule mpaka mtu fulani afanye hivyo.