Uso wa Mwanafunzi: Chunusi, Madoa na Mkorogo

Kijana akirudi kijijini Kolo likizo kutoka chuoni Dodoma, au akija mwisho wa wiki kutoka Chuo cha Ualimu Bustani, uso wake haukosi wa kuusemea. Shangazi atasema hanawi. Bibi atasema amezidisha soda na maandazi. Jirani, kwa sauti ya chini, atasema chunusi zitaisha akiolewa. Wote watatu wamekosea, ingawa bibi amekosea kidogo tu.

Zinatoka wapi

Kwenye ngozi ya uso kuna tezi ndogo zinazotoa mafuta, na homoni za ujana huzifanya zitoe mengi zaidi. Mafuta hayo yakichanganyika na seli za ngozi zilizokufa huziba kitundu cha kinyweleo. Bakteria, ambao kila mtu anao, huzaliana humo. Ngozi huvimba na kutunga usaha. Vumbi jekundu la Kolo halimo katika hesabu hiyo. Upepo wa kiangazi huchafua na kukausha uso, kweli, lakini chunusi huanzia ndani ya kitundu, mahali ambapo dodoki halifiki. Kusugua kwa nguvu huongeza uvimbe tu.

Ndoa nayo si dawa. Kwa wengi chunusi hupungua kadiri umri unavyosogea baada ya miaka 20, na huo ndio umri ambao watu wengi huoa na kuolewa. Sifa ikaenda kwa harusi.

Bibi alipopatia ni kwenye sukari. Mafuta ya chipsi hayapandi usoni, lakini tafiti kadhaa zimehusisha chunusi na vyakula vinavyopandisha sukari mwilini kwa haraka. Kukesha na hofu ya mitihani navyo huweza kuzizidisha.

Kunawa

Mara mbili kwa siku yatosha, na ya jioni usiikose hata kama umerudi umechoka. Maji ya hosteli yakikatika, kopo moja linatosha: lowesha uso, paka povu la sabuni laini ya kuogea kwa vidole, suuza, kisha kausha kwa kubonyeza taulo yako mwenyewe. Sabuni ya mche iacheni kwa nguo. Penye maji ya kisima yenye chumvi sabuni haitoi povu vizuri na mabaki yake hung'ang'ania ngozi. Suuza mara mbili.

Ngozi ikikauka paka losheni nyepesi. Mafuta mazito, mafuta ya nazi, na yale ya nywele yanayoshuka kwenye paji la uso huziba vitundu. Anayevaa ushungi afue mara kwa mara kofia ya ndani, maana ndiyo inayobeba jasho na mafuta. Kijana mwenye vipele vya ndevu anyoe kufuata nywele zinakoelekea, asinyoe hadi kwenye ngozi kabisa.

Madoa, na mtego wake

Kwa ngozi nyeusi, chunusi yenyewe mara nyingi si tatizo kubwa. Tatizo ni doa linalobaki, kwa sababu ngozi iliyovimba hutengeneza rangi nyingi zaidi pale ilipoumia. Doa hilo hufifia lenyewe, ila huchukua miezi. Kutumbua hulizidisha na huweza kuacha kovu. Jua hulikoleza, kwa hiyo kofia pana ni msaada. Ndimu, dawa ya meno na magadi huchoma ngozi, na ndimu ikikutana na jua ni balaa.

Hapa ndipo mkorogo, yaani krimu za kung'arisha ngozi, unapoingia. Ndani ya makopo yake hukutwa haidrokwinoni, zebaki, au steroidi kali kama klobetasoli. Wiki za mwanzo uso hung'aa na chunusi hupotea, kwa sababu steroidi huzima uvimbe. Baadaye ngozi hupungua unene, mishipa huonekana, na chunusi nyingine hutoka. Anayejaribu kuacha huwaka uso kama moto, akarudia kopo. Zebaki hupenya mwilini, ikadhuru figo, na kwa mjamzito hufika kwa mtoto. Vipodozi vyenye haidrokwinoni na zebaki vimepigwa marufuku nchini. Tangu Julai 2019 anayesimamia vipodozi ni Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Kopo lisilo na jina la mtengenezaji wala orodha ya viambato halifai kuingia ndani.

Mzazi ukigundua mwanao anatumia, usimtukane. Aliyepaka kwa miezi asiache ghafla kabla ya kuonana na mtaalamu wa afya.

Dawa inayofaa kujaribu

Ulizia duka la dawa krimu au jeli ya benzoili peroksaidi, asilimia 2.5 au 5. Paka kidogo, usiku, eneo lote lenye chunusi. Anza siku moja kwa kuruka moja, kwani hukausha ngozi. Hubabua rangi ya vitambaa, basi lalia foronya nyeupe. Usiihukumu kabla ya wiki 6 hadi 8. Wengi huacha wiki ya pili, wakasema haifanyi kazi, na pesa imekwenda bure. Vidonge vya antibiotiki msijinunulie: hulea usugu wa dawa, na baadhi havifai kwa mjamzito.

Wa kupelekwa kituo cha afya

Mwenye vinundu vikubwa vinavyouma, makovu yanayoongezeka, binti anayekosa hedhi huku akiota ndevu kidevuni, au kijana anayekwepa vipindi kwa kuonea haya uso wake, apelekwe mapema. Shida ya huyo wa mwisho nayo ni ugonjwa kama mwingine wowote. Akihitaji bingwa atapewa rufaa. Moshi, katika hospitali ya KCMC, kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992. Popote atakapokwenda, abebe makopo yote aliyokuwa akipaka, hata yale anayoyafichia chini ya godoro.