ELIMU YA AFYA: TUNZA KARATASI YA UPASUAJI WAKO

Mgonjwa aliyepasuliwa ngiri huweza kuwekewa wavu wa plastiki wa kuimarisha ukuta wa tumbo. Wavu huo ukijikunja au kusogea, maumivu huweza kurejea. Hata hivyo, kipimo cha MRI, kitumiacho sumaku, husoma maji na mafuta ya mwili. Plastiki hakiioni vema. Kwa hiyo baadhi ya nyavu hutiwa chembechembe za oksidi ya chuma ili zionekane kama mistari myeusi. Kwa kuwa weusi huo ukidumu huweza kuficha nyama za jirani, watafiti wanabuni alama zinazoyeyuka taratibu mwilini.

Ndugu mwananchi, tunza karatasi ya upasuaji wako na umwoneshe mtaalamu kabla ya kipimo, kwani baadhi ya vyuma huvutwa na sumaku na huweza kukujeruhi.