Mpaka wa Sitara na Dhara: Somo juu ya Maradhi Yafichwayo

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Amma baad. Ijulikane ya kuwa siri ni mbili: siri imsitiriyo mtu nafsi yake, na siri imdhuruyo mwenziwe. Ya kwanza ni sitara, na ya pili ni ghushi. Watu wengi wamezichanganya mbili hizi, na kwa sababu hiyo wake wameambukizwa maradhi, watoto wamezaliwa wagonjwa, na waume wamekufa ilhali dawa ilikuwapo. Somo hili lina fasili nne.

FASILI YA KWANZA: Hali ya watu

Wilaya za Tarime na Serengeti zimo katika mkoa wa Mara, kaskazini ya Tanzania. Tarime imepakana na Kenya, na mlango wake ni Sirari. Humo ndimo ulimo mgodi wa dhahabu wa Nyamongo. Makao ya wilaya ya Serengeti ni Mugumu, karibu na mbuga mashuhuri ya wanyama. Wenyeji ni Wakurya, Wangoreme na wengineo. Na wageni huingia wengi, wachimbaji, madereva na wafanya biashara, na miongoni mwao wamo watu wa pwani walioacha wake zao nyumbani.

Kwa Wakurya ndoa ni jambo la koo mbili, na mahari yake ni ng'ombe. Hata mwanamke asiyejaaliwa mtoto wa kiume aweza kutoa ng'ombe akamwoa mwanamke mwenziwe, naye aliyeolewa akazaa na mwanamume, ili nyumba ipate mrithi. Ndoa hiyo huitwa nyumba ntobhu. Ikiwa uzito wa kizazi umefika hadi hapo, mwanamume atapata wapi njia ya kukwepa kuoa? Basi yule aendaye kwa wanaume wenziwe, huko kama kwengineko, huoa, huzaa, huitwa baba wa fulani, na jambo lake la pili hulificha. Na pwani, ijapokuwa mila ni mbali, hali ni hiyo hiyo. Hukumu ya kitendo chenyewe imekwisha elezwa katika vitabu vya fikihi. Yaliyomo humu ni juu ya maradhi na haki ya mke.

FASILI YA PILI: Sababu ya kujificha

Sababu ya kwanza ni aibu, na ya pili ni khofu. Sheria ya Tanzania bara, kifungu cha 154, imeweka kwa kitendo hicho kifungo cha miaka 30 hata cha maisha. Mwaka 2017 serikali ilivizuia vituo 40 vya watu binafsi visitoe huduma ya Ukimwi kwa wanaume hao. Mwenye khofu hii afikapo kwa tabibu, husema nusu ya ugonjwa wake. Akiumwa njia ya nyuma, husema ni bawasiri, akapewa dawa ya bawasiri. Na kaswende au kisonono kikabaki mwilini. Tena kisonono cha koo au cha njia ya nyuma mara nyingi hakina dalili yo yote, na asiyeulizwa wala asiyesema hapimwi.

Iko na sababu ya tatu, nayo ni kujidanganya kwa tohara. Wakurya hutahiri, na Waislamu hutahiri. Basi wako wadhanio ya kuwa aliyetahiriwa amekwisha salimika. Ni kweli kwamba majaribio ya Afrika ya Kusini, Kisumu na Rakai, yaliyokwisha katika miaka ya 2005 na 2006, yalionyesha kuwa tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa kadiri ya 60 kwa mia. Lakini kupunguza si kuondoa; wala tohara haimkingi mwanamume aingiliwaye, wala haimkingi mke wa aliyekwisha ambukizwa.

FASILI YA TATU: Dhara yenyewe

Katika uchunguzi wa Mombasa uliotangazwa mwaka 2007, wanaume 285 waendao kwa wanaume walipimwa. Katika 114 waendao kwa wanaume peke yao, 49 walikutwa na virusi vya Ukimwi. Katika 171 waendao kwa wanaume na kwa wanawake pia, walikutwa 21, yaani 12 kwa mia na kitu. Hesabu hii ya pili ni ndogo kuliko ile ya kwanza, lakini ndiyo iingiayo nyumbani. Kuingiliana kwa njia ya nyuma bila ya kinga kuna hatari kupita kwa njia ya mbele, nayo ni hatari kwa mwanamume na kwa mwanamke. Ama kaswende, ikimpata mwenye mimba asitibiwe, huweza kumwua mtoto tumboni. Mtoto huyo hakujua siri ya mtu.

FASILI YA NNE: Mpaka ulipo

Mtu akiuliza: Je, yampasa mume kumfunulia mkewe kila alilolitenda? Jawabu: La. Alipoletwa Maiz kukiri zina yake, Mtume (S.A.W.) alimfahamisha Hazzal, aliyemhimiza kuja, ya kuwa kumsitiri kungalikuwa kheri kwake. Sitara basi ina asili katika dini.

Na akiuliza: Je, aweza kumficha maradhi yamwambukizayo? Jawabu: La, hata kidogo. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, wazimu, ukoma na barasi ni aibu zimpazo mmoja wa wanandoa khiari ya kuvunja nikaha. Muuzaji afichaye aibu ya bidhaa ameghushi, hali ya kuwa bidhaa ni mchele au kitambaa. Itakuwaje kwa afichaye mauti kitandani? Na Sheria ya Ukimwi ya Tanzania ya mwaka 2008 imepita njia hiyo hiyo: imemwamuru mpimaji kuchunga siri ya kipimo, na imemwamuru ajijuaye kuwa ana virusi amwarifu mwenziwe. Akiogopa ugomvi, na amwombe mshauri wa hospitali akae nao.

Ama matendo yampasayo ni haya:

Kwanza, apime, na mpaka ajue hali yake asimkaribie mkewe ila kwa kondomu. Kujipima mwenyewe kumeruhusiwa na sheria tangu 2019.

Pili, aliyeingia hatarini aende hospitali kabla ya saa 72 kupita, kwani iko dawa ya kuzuia virusi visikae mwilini. Na asiye na virusi, lakini hatari yake ni ya daima, aulize dawa ya kinga.

Tatu, akikutwa navyo, aanze dawa siku zile zile wala asiziache. Virusi vikishuka hata visionekane katika kipimo, havimfikii mke kwa kujamiiana.

Nne, amwambie tabibu mahali paumapo, na aombe kupimwa kaswende na homa ya ini. Kaswende hutibiwa kwa sindano ya penisilini, na homa ya ini ya B ina chanjo.

Tano, asitie mafuta ya nazi wala vaselini juu ya kondomu, kwani huidhoofisha ikapasuka. Kilainishi chake ni cha maji.

Na majirani, na waganga, na watu wa msikitini, nao wana fungu lao. Mgonjwa mmoja akitangazwa sokoni, wenziwe wote hujifunza kutokwenda hospitali, na maradhi hukaa majumbani. Wahenga walinena: mficha maradhi kifo humwumbua. Lakini mgonjwa hafichui maradhi ila mbele ya mtu aaminiwaye kwa siri. Basi atakaye watu wapone, na awe mtu wa namna hiyo.

Wallahu aalam.