Dondoo muhimu: Mitutu ya bawani kwenye ndege ya mfano

Unayeunda ndege za kivita za JWTZ hapo Manyoni, ijue kwanza ndege yenyewe, ndipo ushike gundi.

1. Usibandike mizinga bawani kwa kila MiG. F-6 ya Kichina, nakala ya MiG-19, ina mizinga mitatu ya milimita 30: mmoja kwenye kila shina la bawa, wa tatu chini ya pua, upande wa kulia. MiG-17 hubeba yote puani. MiG-21 haina hata mmoja bawani.

2. Piga hesabu. Kwa kipimo cha 1/72, tundu la milimita 30 hubaki kama milimita 0.4. Wapo wasemao udogo huo hauonekani, lakini kinachoonekana ni kivuli cha tundu: mtutu usiotobolewa hubaki kijiti tu. Tumia sindano mpya ya duka la dawa kama mtutu, uikate kwa tupa taratibu. Koleo hulibana tundu likaziba.

3. Toboa shimo kabla ya kuunganisha bawa, mtutu uupachike baada ya rangi. Tazama kwa mbele na kwa juu: mitutu yote miwili ya bawani iwe sambamba.

4. Masalia ya sindano yatie kwenye chupa yenye kifuniko, usiyatupe jalalani.