Somo la Robo Hii: Kufunga Kadi ya Mtandao Usiotumia Waya katika Paneli ya Kugusa

Somo la safari hii linahusu kifaa kidogo kinachoenea katika kiganja cha mtoto. Udogo wake usitudanganye. Kifaa hiki kinaweza kuamua kama paneli iliyonunuliwa kwa fedha za mradi itafanya kazi iliyokusudiwa, au itabaki kuwa pambo la ukutani.

Paneli ya kugusa ni kompyuta iliyounganishwa na kioo chake kuwa kitu kimoja. Haina kibodi wala maus, bali mtumiaji hugusa kioo kwa kidole. Tunaikuta mapokezi ya zahanati, stoo ya dawa, karakana na chumba cha mitambo. Paneli nyingi huja zikiwa na tundu la waya wa mtandao tu, na ndani yake huachwa nafasi tupu kwa ajili ya kadi ya mtandao usiotumia waya, ambao wengi tunauita waifai.

Kwanza tuseme wazi: pale waya unapoweza kufika kwa gharama nafuu, waya ni bora. Hausumbuliwi na kuta wala na simu za wageni. Lakini waya wa kawaida wa mtandao una mwisho wa mita 100, na majengo yetu mengi yako mbalimbali. Hapo ndipo kadi inapohitajika. Tena ikumbukwe kwamba katika zahanati mawasiliano yakikatika, muuguzi hurudi kwenye daftari. Habari za mgonjwa mmoja hugawanyika, nusu kwenye karatasi na nusu kwenye kompyuta, na anayeumia ni mgonjwa.

1. KABLA YA KUNUNUA

Kamati imwulize fundi maswali haya manne, na majibu yaandikwe.

(a) Nafasi iliyomo ndani ni ya aina gani? Paneli za zamani hutumia nafasi iitwayo Mini PCI Express. Kadi yake ina upana wa milimita 30, na urefu wa takriban milimita 51 ikiwa kamili au 27 ikiwa nusu. Paneli mpya hutumia nafasi iitwayo M.2, ambayo kadi yake ya waifai kwa kawaida ni milimita 22 kwa 30, yenye pengo la herufi A au E. Kadi ya aina moja haiingii katika nafasi ya aina nyingine. Tena kuingia si kufanya kazi. Kwa mfano, kadi za Intel AX200 na AX210 hufanya kazi katika kompyuta nyingi, lakini AX201 na AX211 zinahitaji prosesa ya Intel iliyoandaliwa kwa ajili yake. Watengenezaji wengine pia hukubali kadi zilizo katika orodha yao tu.

(b) Je, antena zimo? Kadi bila antena ni kama redio isiyo na ariali. Ikiwa mfuniko wa paneli ni wa chuma, mawimbi hayapenyi, hivyo antena lazima zitokeze nje. Vilevile viunganishi vya antena vya kadi za M.2 ni vidogo kuliko vile vya Mini PCI Express, kwa hiyo nyaya za zamani zinaweza zisishike kadi mpya.

(c) Je, ipo programu endeshi ya kadi hiyo kwa mfumo ulio ndani ya paneli? Tukumbuke kuwa Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 mwezi Oktoba 2025. Paneli za zamani zinahitaji kuangaliwa upande huu pia.

(d) Je, kifaa kimeidhinishwa? Kwa Tanzania, vifaa vinavyorusha mawimbi vinatakiwa viwe na idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano, yaani TCRA.

2. KUFUNGA KADI

Kazi hii haihitaji nguvu. Inahitaji utulivu, meza safi na mwanga wa kutosha.

Hatua ya kwanza: nakili kumbukumbu zote zilizomo kwenye paneli na uzihifadhi mahali pengine. Andika namba ya kifaa.

Hatua ya pili: zima paneli kwa utaratibu wake, kisha chomoa umeme. Baadhi ya paneli hupata umeme kupitia waya wa mtandao wenyewe, kwa hiyo waya huo nao uchomolewe. Kama kuna betri ndani, itenganishwe.

Hatua ya tatu: laza paneli kifudifudi juu ya kitambaa laini. Fundi avae kamba ya mkononi ya kuondoa umeme tuli, au walau aguse chuma kilichounganishwa na ardhi kabla ya kushika kadi. Umeme ambao mtu hausikii hata kidogo unaweza kuua kadi. Kadi ishikwe pembeni, si kwenye miguso yake ya rangi ya dhahabu.

Hatua ya nne: fungua mfuniko, na skrubu ziwekwe kwenye kikombe. Ingiza kadi ikiwa imeinama kwa nyuzi kama 30, isukume hadi miguso izame, ilaze chini, kisha kaza skrubu yake bila kulazimisha.

Hatua ya tano: unganisha antena. Viunganishi ni viduara vidogo ambavyo hubonyezwa wima mpaka vilie "tik". Usivute kwa kushika waya. Viunganishi hivi havikutengenezwa kwa kufunguliwa na kufungwa kila mara, hivyo fundi asivichezee. Nyaya zipite mahali ambapo mfuniko hautazibana.

3. KUPANGA MIPANGILIO

Baada ya kuwasha, fundi aangalie kama kompyuta imeitambua kadi. Katika Windows, alama ya mshangao ya njano kwenye orodha ya vifaa mara nyingi huashiria kwamba programu endeshi haipo au haifai. Programu hiyo iletwe kwenye flashi mapema, maana paneli bado haina mtandao wa kuipakulia. Iletwe pia kibodi ya kuchomeka. Kuandika neno la siri refu kwa kidole juu ya kioo huleta makosa mengi.

Masafa. Mawimbi ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi na kufika mbali, lakini yana msongamano, kwa kuwa hutumiwa pia na Bluetooth na jiko la mikrowevu. Ya gigahezi 5 ni ya kasi zaidi lakini hudhoofika upesi ukutani. Katika 2.4, chaneli zinazotumika bila kuingiliana ni 1, 6 na 11. Ruta mbili za jirani zisiwekwe kwenye chaneli moja.

Usalama. Ulinzi wa zamani uitwao WEP ulionyeshwa kuwa dhaifu mwaka 2001. Ulifuatwa na WPA mwaka 2003, WPA2 mwaka 2004, na WPA3 mwaka 2018. Tumia WPA3 ikiwezekana, au WPA2. Kama paneli ya zamani inajua WEP tu, tusiushushe ulinzi wa mtandao mzima kwa ajili yake. Ni heri kubadilisha kadi au kutumia waya.

Anwani. Paneli ipewe anwani isiyobadilika, kwa mfano 192.168.1.50, ikiwa lango la mtandao ni 192.168.1.1 na kinyago ni 255.255.255.0. Njia nzuri ni kuitengea anwani hiyo ndani ya ruta yenyewe. Vifaa viwili vikipewa anwani moja vitagombana, na mtandao utakuwa unakuja na kuondoka bila sababu kuonekana.

Tarehe na saa. Ikiwa saa ya paneli imerudi nyuma miaka kadhaa, tovuti na mifumo salama itakataa kuipokea, na fundi atailaumu kadi bure.

Usingizi. Mpangilio unaoruhusu kompyuta kuzima kadi ili kuokoa umeme uondolewe.

4. KUPOKEA KAZI

Kamati isisaini kwa sababu tu alama ya waifai imeonekana. Nguvu ya mawimbi ipimwe paneli ikiwa mahali pake, milango ikiwa imefungwa. Kipimo cha karibu -67 dBm au zaidi, kwa mfano -60, ni kizuri. Kikishuka chini ya -80, tarajieni matatizo. Kisha zimeni umeme wote na kuurudisha, mwone kama paneli inajiunga yenyewe bila kuguswa. Jaribuni pia saa ya wagonjwa wengi, si jioni tu.

Ruta ikizimika, paneli nayo imekatika. Kwa hiyo bajeti inayotaja kadi peke yake haijakamilika. Itaje pia antena, betri ya akiba ya ruta, gharama ya fundi na mafunzo ya watumiaji. Wafadhili wetu wanapoombwa vitu hivi vidogo, waelewe kwamba ndivyo vinavyolinda kile kikubwa walichokwisha kukitoa.

Jambo la mwisho ni siri za watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo ilianza kutumika mwaka 2023, na taarifa za afya ni miongoni mwa zile nyeti zaidi. Neno la siri lisibandikwe ukutani. Simu za wageni ziwe na mtandao wao, mbali na ule wa paneli. Jina la mtandao, anwani, aina ya kadi, tarehe ya kazi na jina la fundi viandikwe kwenye daftari la vifaa, na neno la siri litunzwe na watu wawili. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Je, kati ya paneli na ruta yetu kuna kuta ngapi, na ni za nini? Waya ungeweza kufika?
2. Nani anajua neno la siri la mtandao wetu leo? Je, wapo wasiostahili kulijua?
3. Umeme ukikatika saa nne asubuhi, kazi itaendeleaje, na taarifa za daftarini zitaingizwa na nani baadaye?
4. Fundi wetu akihama, mwingine atakuta maandishi gani?

Kamati itakayojibu maswali haya manne kwa ukweli itakuwa imefanya nusu ya kazi kabla skrubu ya kwanza haijafunguliwa.