Geti la umeme lijaribiwe vipi kabla ya kulipokea?

SWALI: Tumefungiwa geti la umeme la kuteleza kwenye nyumba yetu ya wageni hapa Karatu. Fundi anasema liko tayari. Nitajuaje kama ni salama?

JIBU: Anza umeme ukiwa umezimwa. Fungua mota kwa ufunguo wake, kisha sukuma geti kwa mkono toka mwanzo hadi mwisho. Likikwama, au likishuka lenyewe kufuata mteremko, kasoro iko kwenye reli. Kagua vizuizi vya chuma ncha zote mbili. Geti lisilo navyo linaweza kutoka relini likamwangukia mtu. Hiyo ndiyo ajali ninayoiogopa kuliko zote.

Sasa washa. Geti likiwa linajifunga, pitisha mti wa fagio mbele ya macho ya usalama, yaani vihisi vya mwanga: lazima lisimame na kurudi. Kisha simamisha boksi gumu mahali linapofungia, chini ya mstari wa macho hayo. Geti likiligusa boksi, lirudi mara moja. Usijaribu kwa mkono wala mguu. Kiwango cha Ulaya, EN 12453, kinataka nguvu ya kubana isizidi newtoni 400 pale nafasi iliyobaki inapokuwa chini ya nusu mita, na hupimwa kwa kifaa maalumu. Mwombe fundi akuonyeshe vipimo.

Vumbi letu jekundu hufunika macho hayo upesi, hivyo yafutwe mara kwa mara kiangazi. Mlinzi wa usiku naye afungue geti kwa ufunguo, gizani, mbele yako, maana umeme hukatika.

Usimalizie malipo kabla ya hayo.